Safu ya Lugha: Kutua si kuanguka

Chombo cha angani kikinyamaza kwenye sayari ya mbali, wengi hukimbilia kusema “kimeanguka.” Tusiharakishe. Kutua ni neno letu la asili ya Kibantu: mchukuzi hutua mzigo, ndege hutua mtini, na humo ndimo lilimotoka neno kituo. Anayetua hufika chini kwa kujimudu, anayeanguka amelemewa. Kushuka ni kuja chini tu, hata kama safari haijafika mwisho.

Tazama Beagle 2 cha Uingereza, kilichotarajiwa kutua Mirihi tarehe 25 Desemba 2003. Hakikutoa ishara yoyote, na wengi wakaamini kimevunjikavunjika. Januari 2015 ikatangazwa kuwa picha za Mars Reconnaissance Orbiter, chombo cha Marekani kinachoizunguka sayari hiyo, zimekionyesha kwenye uwanda wa Isidis. Paneli zake za sola hazikuwa zimefunguka zote, na antena iliyofunikwa nazo haikuweza kutuma ishara. Basi kilitua, kilichokosekana ni mawasiliano. Waliokiunda wanastahili kutendewa haki hiyo. Mabaki yasipoonekana, tuandike “mawasiliano yamekatika” au “hakijulikani kilipo.” “Kimeanguka” lisubiri ushahidi.