AL-KARAJI NA MAJI YALIYOFICHIKA



Mwezi huu kila mtu anajua thamani ya maji. Ikiadhiniwa Magharibi, kabla ya sambusa na uji, ni tende na funda la maji. Lakini je, umewahi kujiuliza maji ya kile kisima cha msikiti tunachojazia birika yametoka wapi? Hebu leo nikujulishe na mwanachuoni aliyelishughulikia swali hilo miaka elfu moja iliyopita.

Naye ni Abu Bakr Muhammad bin al-Hasan al-Karaji, mtu wa Uajemi, Iran ya leo. Sifa yake aliipatia Baghdad kwa hisabati, hasa aljebra. Kitabu chake al-Fakhri kina jina la waziri Fakhr al-Mulk. Mwingine angetosheka na sifa za mjini. Yeye alirudi nchi ya milima, na karibu mwaka 1017 akaandika kitabu kuhusu kuyatoa maji yaliyofichika ardhini, Inbat al-Miyah al-Khafiyya.

Humo anaeleza kwamba mvua na theluji iliyoyeyuka hunywewa na ardhi, hupita chini kwa chini, kisha hutokea kwenye chemchemi na visima. Anafundisha kutambua palipo na maji kwa kutazama milima, udongo na mimea. Halafu anaeleza uchimbaji wa qanati.

Qanati ni nini? Unachimba kisima kirefu karibu na mlima mpaka ufikie maji. Kutoka hapo unapitisha njia chini ya ardhi, yenye mteremko mdogo sana, hadi kijijini au shambani. Juu yake unatoboa mashimo ya kutolea udongo na kuingizia hewa. Maji yanakuja yenyewe, bila pampu. Kazi ipo kwenye mteremko: ukizidi, maji yanakula njia, ukipungua, yanasimama. Ndiyo maana al-Karaji alieleza ala za kupimia usawa wa ardhi, nyingine akazibuni mwenyewe.

Sasa ndugu yangu, tuwe wakweli. Kwenye mihadhara mara nyingi tunaambiwa Waislamu ndio waliovumbua kila kitu, nasi tunaitikia takbir. Qanati zilikuwepo Uajemi karne nyingi kabla ya Uislamu. Al-Karaji hakuzivumbua. Alichofanya ni kuuchukua ujuzi wa wachimbaji, akaupima kwa hisabati na kuuandika. Je, hilo ni dogo? Hata kidogo! Fundi asiyeandika wala kufundisha huzikwa na ujuzi wake. Kitabu cha al-Karaji kilichapishwa Hyderabad, India, mwaka 1940, zaidi ya miaka 900 baada ya kuandikwa.

Tena hakuishia kwenye vipimo. Alizungumzia pia harimu, yaani eneo linalozunguka kisima au qanati ambalo mwingine haruhusiwi kuchimba akamkaushia mwenzake. Elimu ya maji kwake ilikwenda pamoja na haki ya jirani. Na sisi je? Mara ngapi tunaona kisima hapa na choo cha shimo hatua chache tu, na hakuna anayeuliza?

Kazi ya aina hii ingali hai. UNESCO iliziingiza qanati 11 za Iran kwenye urithi wa dunia mwaka 2016. Na wenye jamaa Oman wanaijua mifereji ya huko, aflaji. Mitano iliingizwa mwaka 2006.

Basi ewe kijana, usiishie kujivunia majina ya waliotangulia. Kama uko chuoni unasoma hisabati au uhandisi, jiulize: mtaani kwetu nani atafaidika na hesabu hizi? Na mzee anayejua kuchimba visima akiwa bado yuko hai, kaa naye, muulize, uandike. Al-Karaji naye aliuandika ujuzi wa wachimbaji.

Na unapotawadha leo, funga mfereji.

Wabillahi tawfiq. Ramadhan Karim.