Sungura, Tanzi na Kibali

Neno sungura tunalitumia kwa wanyama wawili. Mmoja ni wa bandani, aliyeletwa na wageni, anayezaa watoto wasio na manyoya, macho yamefumba. Mwingine ni wa porini, mwenyeji wa nyasi za Njombe na Makambako. Huyu hachimbi shimo. Hulala juu ya ardhi kati ya majani, na watoto wake huzaliwa na manyoya, macho wazi.

Anayemwinda huyu wa porini anajua udhaifu wake: hupita njia ileile. Basi tanzi hutegwa kwenye kijia, au mbwa humkurupusha, au nyasi huchomwa na watu humsubiri na marungu upande wa pili. Nyama yake ni kidogo; ni kitoweo cha siku moja.

Lakini kitoweo hicho kina historia ya sheria. Mwaka 1896 Gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, alitoa amri iliyotaka watu wawe na vibali vya kuwinda. Waingereza wakafuata na sheria zao za mwaka 1921 na 1951. Baada ya uhuru tukatunga ya mwaka 1974, kisha ya mwaka 2009 inayotumika sasa. Tawala zilibadilika, kibali kikabaki. Mwenye bunduki na karatasi akaitwa mwindaji. Mwenye tanzi akaitwa jangili, hata kama alichokamata kinaenea kwenye chungu kimoja.

Wakati huohuo nyasi zenyewe zilikuwa zinapungua. Kuanzia mwaka 1949 kampuni ya miwati ilipanda miti Njombe kwa ajili ya magome ya kutengenezea ngozi. Baadaye ikaja misonobari, chai, na sasa maparachichi. Ekari iliyopandwa miti kwa kibali ilimwondolea sungura makao, na hakuna aliyeiita ujangili.

Je, tanzi halina hatia? Hapana, lina hatia. Sheria ya 2009 inakataza mitego, nyavu, mashimo na moto bila idhini maalumu, na sababu nzuri ipo. Tanzi la waya halichagui: humnasa mbwa wa jirani na mbuzi wake pia. Aliyenaswa anaweza kuhangaika usiku kucha. Tena sungura jike huwaacha watoto wamejificha na kurudi kuwanyonyesha giza linapoingia. Akinaswa yeye, nao wanakufa njaa, na mtegaji hatajua kamwe.

Kuna kipimo kingine. Kitoweo cha nyumbani kina kikomo, yaani tumbo la familia. Soko halina kikomo hicho. Makambako ni mji wa njia panda: reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, inakutana hapo na barabara kuu ya kwenda Zambia na ile ya Songea. Mahali kama hapo nyama haikosi mnunuzi, na anayetegea wapita njia hana siku ya kusema imetosha.

Kwa hiyo nakubaliana na katazo la tanzi, ila si kwa sababu alizokuwa nazo Wissmann. Tukimfundisha kijana wa Njombe kwamba kosa ni kukosa karatasi, atatafuta njia ya kumkwepa askari. Tukimweleza habari za watoto wanaosubiri majanini, huenda akalitegua tanzi mwenyewe.