Haidroliki ya trekta asubuhi ya baridi: ipe muda kabla ya kuitwisha mzigo

Mwezi wa saba, kusi likivuma, mafuta ya nazi huganda ndani ya chupa. Kila nyumba ya Pwani yalijua hilo. Mama huianika chupa juani au huitumbukiza katika maji ya moto, kisha ndipo akamimina. Hakuna anayeikamua kwa nguvu. Na hapo tuko Mombasa, ambako alfajiri ya baridi kabisa ni kama nyuzijoto 20.

Naanza na chupa hiyo kwa sababu mwaka jana mpwa wangu alikatwa mshahara wa miezi miwili kwa kuisahau. Kijana huyu ameendesha trekta miaka sita katika mashamba ya miwa huku Kwale, mkono wake mwepesi na hana mchezo na kazi. Akapata nafasi kwenye shamba la ngano upande wa Timau, chini ya Mlima Kenya. Asubuhi ya nne, saa kumi na mbili na nusu, aliwasha trekta, akakanyaga mafuta kama alivyozoea kwetu, akavuta mkono wa haidroliki ainue jembe la diski. "Mjomba, lilipiga yowe kama paka aliyekanyagwa mkia," aliniambia kwenye simu. Jembe likapanda kwa kusuasua. Naye, kwa kuwa msimamizi alikuwa amesimama palepale akitazama saa, akazidi kukanyaga. Asubuhi kumi za namna hiyo zilitosha. Pampu ilikufa, na tajiri akasema aliyeiua ni dereva.

Vijana wetu wengi siku hizi wanakwenda kuendesha mitambo bara, na matrekta ya Pwani nayo hukodishwa huko msimu wa kulima. Basi tulieleze jambo hili lilivyo.

Haidroliki ni nguvu inayosafirishwa ndani ya mafuta. Pampu huyavuta mafuta kutoka tangini, huyasukuma kwenye paipu hadi silinda, na silinda ndiyo inayoinua jembe, kupindua trela au kusaidia usukani. Upande wa kusukuma una nguvu kubwa. Matrekta mengi hufanya kazi kati ya baa 150 na 200. Wengi hawajui kuwa upande wa kuvuta ni dhaifu mno. Pale kinachoyaingiza mafuta kwenye pampu ni uzito wa hewa tu unaoyakandamiza tangini, ambao ufuoni haupiti baa moja.

Sasa leta baridi. Mafuta ya haidroliki ya kawaida hayagandi kama ya nazi, lakini huwa mazito. Yale yanayoitwa VG 68, yanayopendwa sana kwetu kwa sababu ya joto, yakifika nyuzijoto 0 huwa mazito zaidi ya mara kumi kuliko yalivyo katika nyuzijoto 40. Pampu inayataka, nayo yanajikokota kama asali kwenye chujio. Pakikosekana mafuta ya kutosha, ndani ya pampu huzuka mapovu matupu. Mapovu hayo yakifika upande wa shinikizo hupasuka kwa kishindo, na kila kupasuka kunadonoa chuma kidogo. Yowe alilosikia mpwa wangu ndilo hilo. Wakati mwingine husikika kama kokoto ndani ya mkebe. Fundi akiifungua pampu ya namna hiyo hukuta vishimo vidogovidogo, kama chuma kimeliwa na mchwa.

Kuna jambo jingine ambalo sisi watu wa ufuoni halitujii akilini. Timau iko juu, mita 2,400 hivi, na huko uzito wa hewa ni kama robo tatu ya ule wa Mombasa. Kwa hiyo mafuta ni mazito zaidi, na kinachoyasukuma kuingia pampuni kimepungua. Trekta lileile, dereva yuleyule, tabia ileile ya asubuhi, lakini pampu inabeba shida mbili kwa pamoja.

Dawa yake haina gharama ila muda. Jioni, shusha jembe chini ili silinda zisilale na mzigo, na uliegeshe trekta chini ya paa ukiweza. Asubuhi pima mafuta kwa kijiti kabla ya kuwasha. Yakiwa meupe kama tui, yameingia maji; usiendelee mpaka yabadilishwe, kwani penye baridi kali maji hayo huweza kuganda na kuziba chujio. Hakikisha shafti ya PTO imezimwa na mikono yote iko katikati. Kanyaga klachi unapowasha, ili stata isilazimike kuzungusha gia zilizolala ndani ya mafuta mazito.

Injini ikishika, iache polepole, mizunguko 800 hadi 1,000 kwa dakika. Usiguse kitu kwa dakika tatu hadi tano. Sikiliza. Kama pampu inalia hata katika mwendo huo, usiongeze, ngoja. Ikinyamaza, panda hadi 1,200 au 1,500. Geuza usukani taratibu kushoto na kulia, lakini usiubane mwisho. Kisha mikono ya kunyanyulia: ipandishe nusu bila mzigo, ishushe, ipandishe tena, mara tano au sita, ndipo uifikishe juu kabisa. Kama trekta lina paipu za nje za trela au za kijiko cha kubebea, nazo zifanye hivyo. Hapa wengi hukosea. Mafuta ya tangini yanaweza kuwa yameanza kupata uvuguvugu, lakini yaliyolala usiku kucha ndani ya paipu ndefu bado ni baridi, na hayapati moto mpaka yarudi tangini.

Wapo madereva wa zamani wanaopasha kwa kuushikilia mkono mwisho wa safari, trekta likaguna. Ni kweli mafuta hupata moto, maana yanalazimishwa kupita kwenye valvu ya usalama. Mimi siipendi njia hiyo. Moto unakuwa mahali pamoja tu, na pampu, ambayo ndiyo tunayoihurumia, inasukuma kwa nguvu zake zote ikiwa bado haijashiba.

Gusa nyumba ya gia au tangi kwa kiganja. Ikiwa ubaridi wa chuma umeondoka, nenda shambani, na nusu saa ya kwanza chukua kazi nyepesi. Kwa Timau au Kinangop, yote haya ni kama dakika kumi. Walioko Kanada, kwenye mashamba ya Saskatchewan ambako majira ya baridi hufika nyuzijoto 30 chini ya sifuri, wao hutumia vipasha moto vya umeme na mafuta mepesi zaidi, na bado husubiri muda mrefu kuliko huo. Usidanganyike ukawasha makaa chini ya trekta, wala usilinguruishe ndani ya banda lililofungwa. Moshi wake unaua.

Mafuta yenyewe fuata kitabu cha trekta. Katika Massey Ferguson 135, ambalo bado limejaa mashambani, pampu imezama ndani ya nyumba ya gia, na mafuta ni yaleyale ya gia na ya haidroliki. Mpango huo umerithiwa kutoka kwa Harry Ferguson, mtu wa Ireland, ambaye TE20 yake ya kijivu ilianza kutengenezwa Coventry mwaka 1946. Matrekta ya sampuli hii hutaka mafuta maalumu ya matrekta, yanayofaa gia na haidroliki kwa pamoja, na kwa mengi ya kisasa hata breki huzama humo. Ukimimina haidroliki tupu kwa kuwa ni nyepesi, utaokoa pampu uue gia. Na trekta likitoka Pwani kwenda kulima bara, mwenye nalo aulize kabla ya safari, si baada ya yowe.

Nasema mwenye nalo kwa makusudi. Kule Timau fundi alipoifungua pampu alikuta chujio la kuvutia limeziba kwa uchafu wa muda mrefu, na aliyepaswa kulibadilisha si kijana aliyefika wiki ile. Msimamizi naye alikuwa akihesabu ekari. Dereva anayelipwa kwa ekari, akisimamiwa na mtu mwenye saa, atazipata wapi hizo dakika kumi? Mpwa wangu hakurudishiwa pesa zake. Sasa yuko shamba jingine huko huko, na kabla ya kupokea ufunguo alimwambia msimamizi mpya kwamba yeye huanza kulima saa moja kasorobo, ila trekta huliwasha saa kumi na mbili na nusu. Msimamizi alikubali.