KIJUMWA, MUHAMADI (yapata 1855–1945)

Muhamadi bin Abubakari Kijumwa, mtunzi, mwandishi wa hati na mchongaji, alizaliwa Lamu yapata mwaka 1855. Katika China ya kale, zama za mchoraji na mwandishi wa hati Zhao Mengfu (1254–1322), ushairi, hati na uchoraji vilihesabiwa kuwa fani tatu zinazomkamilisha mtu mmoja. Na katika pwani yetu aliyeikaribia daraja hiyo kuliko wengine ni Kijumwa, ila yeye mahali pa picha alishika patasi, akanakshi mbao kwa ustadi ule ambao milango ya Lamu inasifika kwao, na juu ya hayo akawa mpiga kinanda.

Hati yake ndiyo iliyomtukuza. Herufi za Kiarabu hazikuundwa kwa ajili ya Kiswahili, hata herufi moja ya be, kwa desturi ya waandishi wa kale, iliweza kusomwa b, p au mb, na asiyeujua utenzi kwa moyo akapotea njiani; kwa hiyo nakala iliyotoka kwa mtu mwenye jicho la mchoraji, na sikio linalotambua mara moja mizani nane ya kipande inapopungua, ilikuwa hazina. Wataalamu wa Ulaya, Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann, walilijua hilo, wakamtegemea katika kukusanya tungo za kale, na miswada aliyowaandikia imehifadhiwa hata leo London na Ujerumani.

Wako wanaomwita mnakili tu, na kauli hiyo si ya insafu. Mwaka 1913 alitunga utenzi wa shujaa Fumo Liyongo, akaifunga katika beti hadithi ambayo kabla yake ilipokewa zaidi kwa midomo ya wazee. Na mwanawe Helewa alimtungia Siraji, utenzi wa nasaha. Uzeeni aliingia dini ya Kikristo. Alifariki mwaka 1945.

Nawe msomaji uliye mbali na bahari, hata ukiwa Sori kwenye ufuo wa Ziwa Victoria, ambako mashujaa wa masimulizi ni wengine, utakapofungua kitabu na kukutana na Liyongo aliyeuawa na mwanawe kwa sindano ya shaba, mtaje na mzee wa Lamu aliyemwandika.