Rejeta ya Nyumbani

Fundi wa gereji Dar es Salaam au Nairobi anaijua rejeta kuwa kifaa cha kupozea maji ya injini. Mswahili anayeishi Uingereza anayo nyingine: bamba la chuma lililofungwa ukutani, mara nyingi chini ya dirisha, la kupasha chumba joto. Moja inapoza, nyingine inapasha. Je, zastahili jina moja?

Zinastahili, kwa sababu kazi yao ni ileile. Maji ya moto hupita ndani ya chuma, chuma hulichukua joto na kulikabidhi kwa hewa ya nje, kisha maji yaliyopoa kiasi hurudi yalikotoka. Kwenye gari joto hilo ni mzigo wa kutupwa. Nyumbani ndilo linalotafutwa.

Anayetaka istilahi ya kisomi angeweza kuunda “kinururishi”, kwa kuwa asili ya “radiator”, neno la Kizungu lililotupa rejeta, ni neno la Kilatini lenye maana ya mwale. Lakini rejeta nyingi za nyumbani hutoa joto zaidi kwa kupasha hewa, ambayo hupanda na kuacha ile ya baridi ishuke kuchukua nafasi yake, kuliko kwa miale. Jina lingekuwa zuri, maana ingepotosha. “Kipasha joto” nalo ni pana mno, maana hita ya umeme pia imo humo. “Rejeta” inabaki kuwa neno la kifaa kinachopitisha maji.

Faida ya kulichukua neno la gereji ni kwamba linakuja na ndugu zake. Tuseme boila inayoyapasha maji hayo inawaka, vyumba vingine vina joto, ila rejeta moja imegoma. Iguse. Ikiwa juu ni baridi na chini ni moto, kuna hewa iliyonaswa, nayo imekaa juu na kuyazuia maji yasifike. Dawa yake mafundi wa breki wanaijua kwa jina: kutoa upepo. Zima mfumo, acha upoe, kinga kitambaa, kisha legeza kwa ufunguo wake skrubu ndogo iliyo kwenye kona ya juu. Upepo utatoka kwa mlio wa “sss”. Maji yakianza kuchuruzika, kaza. Halafu tazama geji ya boila: katika mifumo mingi iliyofungwa, presha wakati wa baridi huwa kati ya bar 1 na 1.5. Ikiwa imeshuka, ongeza maji kama mwongozo wa boila unavyoelekeza.

Ikiwa juu ni moto na chini katikati ni baridi, kutoa upepo hakutasaidia. Hapo tatizo ni tope, yaani mashapo meusi ya kutu ya chuma yaliyotuama chini. Rejeta hufunguliwa ikasafishwa kwa maji, na dawa ya kuzuia kutu ikatiwa kwenye mfumo, kama inavyotiwa kwenye rejeta ya gari.

Ikiwa ni baridi yote, kagua valvu ya pembeni yenye namba. Chini ya kifuniko chake mna pini ambayo, ikikaa majira yote ya kiangazi bila kusogezwa, huweza kukwama ikiwa imeziba njia. Ibonyeze taratibu mpaka irudi juu yenyewe. Usiivute kwa koleo, isije ikachomoka na maji yakafoka. Na rejeta zote zikiwa baridi, zenyewe hazina kosa: shida iko kwenye boila, pampu au saa ya kuwashia. Boila ya gesi, kwa Uingereza, haifunguliwi na yeyote asiye fundi aliyesajiliwa na Gas Safe.

Basi rejeta, kutoa upepo, tope na valvu zinatosha kumweleza fundi ugonjwa wote. Kamusi zetu ziongeze maana ya pili chini ya “rejeta”, nasi tuache kutafuta jina jipya.