Wanawake Waliokwenda Kusenya

Katika makaburi ya Kanisa la Mtakatifu Petro mjini Nyeri kuna kaburi ambalo wageni wengi hulifuata kutoka mbali. Ni la Baden-Powell, mwanzilishi wa chama cha Skauti, aliyefariki Januari 1941. Katika makaburi hayohayo amelala mzungu mwingine ambaye watu wa Nyeri hawamzungumzii sana: Jim Corbett, mwindaji aliyezaliwa Nainital, kaskazini mwa India, mwaka 1875, na kufariki hapa Nyeri Aprili 1955.

Nililiona kaburi lake nikiwa kidato cha pili, siku skauti wa shule yetu walipopelekwa kumwamkia mwanzilishi wao. Mwalimu alitueleza kwa kifupi kwamba Corbett aliwaua simbamarara na chui waliokula watu kwa mamia. Jioni nikamsimulia shosho, nikiwa nimejaa ushujaa wa kuazima. Alikuwa anachochea moto. Hakuuliza simbamarara ni mnyama gani, wala bunduki ilikuwa ya aina gani. Aliuliza, "Hao watu walikuwa wanafanya nini msituni?"

Sikuwa na jibu. Nililipata miaka mingi baadaye, nikiwa chuo kikuu, nilipovisoma vitabu vya Corbett mwenyewe. Wengi wa wanaotajwa mle walikwenda kwa shughuli ambayo shosho aliifanya karibu maisha yake yote: kusenya kuni, au kukata majani ya ng'ombe.

Corbett mwenyewe alianza maisha kwa kuni. Alipotoka shuleni, kabla hajajulikana kwa bunduki, aliajiriwa na kampuni ya reli kaskazini mwa India kuwa msimamizi wa nishati. Treni za njia ile zilikuwa bado zinatumia kuni, na kazi yake ilikuwa kukaa msituni na vibarua, kuangusha miti na kuikata vipande vya kutosha tanuru la injini. Ameeleza jinsi kila mti ulioanguka ulivyowaacha viumbe bila makao. Hemani mwake aliishi na vifaranga vya kware na tausi, watoto wa sungura, na watoto wa swala mdogo wa kule mwenye pembe nne. Aliwalisha mpaka wakaweza kujitegemea. Kisha injini zikahamia kwenye makaa ya mawe, na kazi ile ikaisha.

Namwamini ninapoisoma sehemu ile. Mtu aliyeangusha mti akamkuta mnyama chini yake haisahau sura ile. Lakini tuone tofauti. Kijana yule alikata msitu kwa ajili ya kampuni, akalipwa mshahara, na wanyama aliokutana nao wangeweza kutoshea mkononi. Kwenye vilima vya Kumaon, alikozaliwa, wanawake walikata kuni kwa ajili ya chungu cha jioni, na mnyama waliyekutana naye hakutoshea mkononi.

Mnyama huyo maarufu kuliko wote alikuwa simbamarara jike wa Champawat. Kwa hesabu ya Corbett, aliua watu 436, kwanza Nepal, kisha Kumaon, hadi alipouawa mwaka 1907. Mtu wa mwisho alikuwa msichana wa miaka kama 16 au 17. Alikuwa na wenzake karibu na kijiji, wakiokota kuni kavu. Simbamarara alitokea ghafla akamkamata. Corbett alipofika mahali pale palipojaa damu alikuta shanga za buluu zilizokatika uzi.

Tunajua rangi ya shanga zake. Jina lake kitabu hakikuandika.

Kuna mwanamke mwingine katika kisa hichohicho ambaye kwangu ndiye shujaa wake. Alikuwa akikata majani pamoja na dada yake simbamarara alipomkamata dada. Mwanamke huyu hakukimbilia nyumbani kwanza. Alimkimbilia mnyama, mkononi ana mundu tu, akimpigia kelele amwachilie dada yake. Simbamarara aliposimama akamgeukia, ndipo naye akageuka. Alipofika kijijini kuita msaada, sauti ilikuwa imekatika. Alikaa muda mrefu bila kusema neno. Corbett anasimulia kwamba aliirudisha ngozi ya simbamarara ili aione, na siku hiyo mwanamke akaita watu kwa sauti yake mwenyewe waje watazame. Yeye pia hakutajwa jina.

Corbett, kwa haki yake, hakumlaumu mnyama peke yake. Alipompasua kinywa aliona meno mawili makubwa ya upande wa kulia, la juu na la chini, yamevunjika. Moja lilibaki nusu, jingine lilikatika hadi mfupani. Akasema ni jeraha la risasi ya zamani, na kwamba simbamarara aliyeharibika meno namna ile hakuweza tena kukamata windo lake la asili. Yaani mtu fulani mwenye bunduki alipiga, akakosa kuua, akaenda zake. Deni lake lililipwa na watu waliokuwa wakikata majani na kuokota kuni.

Na kwa nini walikuwa huko? Jibu rahisi ni njaa ya moto. Lakini jibu hilo halitoshi, kwa sababu msitu wa Kumaon wakati huo ulikuwa na mwenyewe mpya. Sheria ya Misitu ya India ya mwaka 1878 ilikuwa imeipa serikali ya kikoloni uwezo wa kutenga misitu na kuamua nani akate nini. Reli ilihitaji mataruma. Misonobari, yenye mbao na utomvu wa kuuza, ikapendelewa kuliko mialoni ambayo wanavijiji waliitegemea kwa kuni na malisho. Utengaji uliozidi wa mwaka 1911 hadi 1917 uliwachoma watu rohoni hata mwaka 1921 wakaichoma moto misitu yenyewe. Aliyekatazwa kukata karibu hutafuta mbali. Aliyekatazwa mchana mweupe huenda kwa kujificha. Njia ya kuni hurefuka, na kila hatua inayoongezeka ni hatua ndani ya makao ya mnyama.

Hapo ndipo historia ya Kumaon inapofanana na ya kwetu, na mtu mmoja anaziunganisha. India ilipopata uhuru mwaka 1947, Corbett na dada yake Maggie walihamia Kenya. Wakakaa Nyeri, katika nyumba ndogo ya Paxtu iliyokuwa imejengwa kwa ajili ya Baden-Powell. Jirani yao, ndani ya msitu wa Nyandarua, kulikuwa na hoteli ya Treetops, iliyofunguliwa mwaka 1932 juu ya mti wa mugumo, ili wageni watazame ndovu, nyati na vifaru wakija kunywa maji.

Mugumo si mti wa kawaida kwa Wakikuyu. Ni mti wa ibada. Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe, Nyeri, mwaka 1940, ameeleza kuwa mama yake alimkanya asiokote hata kijiti kikavu chini ya mugumo, kwa sababu ni mti wa Mungu. Kwa hiyo fikiria: mti ambao mwanamke wa Nyeri hakuthubutu kuutolea kuni moja, ulikuwa umebeba vyumba vya kulala vya wageni. Februari 1952 Binti Mfalme Elizabeth alilala humo usiku ambao baba yake alifariki, akashuka akiwa malkia. Corbett alikuwa miongoni mwa waliokuwepo. Inasimuliwa kwamba alikesha juu ya ngazi na bunduki, asije chui akapanda.

Miezi minane baadaye, tarehe 20 Oktoba 1952, ilitangazwa Hali ya Hatari. Msitu wa Nyandarua na ule wa Mlima Kenya ukawa eneo lililokatazwa. Aliyeonekana ndani aliweza kupigwa risasi. Mei 1954 wapiganaji wa Mau Mau waliichoma Treetops. Ndege za Uingereza zilidondosha mabomu msituni, na bomu halichagui kati ya mpiganaji na nyati. Wakati huohuo zaidi ya watu milioni moja walihamishwa kwa nguvu kutoka kwenye maboma yao na kurundikwa katika vijiji vya kulindwa. Ukingoni mwa msitu wa Mlima Kenya likachimbwa handaki la maili 50, pana na lenye kina, kuwatenga wapiganaji na wale waliowapelekea chakula. Wanaume wengi walikuwa kizuizini. Waliochimba kwa kulazimishwa walikuwa hasa wanawake.

Shosho alikuwa mmoja wao. Kuhusu handaki hakusema mengi. Kuhusu kuni alisema. Kijijini mle, kuni zilisenywa kwa kundi, kwa saa zilizopangwa, homugadi wakiwa mbele na nyuma. Siku moja kundi lao lilikuwa limeinama likifunga mizigo nyati alipotokea vichakani. Shosho alisema alikuwa akichechemea, na paja lake lilikuwa na kidonda kinachonuka. Homugadi waliparamia miti. Wanawake wakatupa mizigo, wakatawanyika. Walipokusanyika barabarani shosho akahesabu. Walikuwa wametoka kumi na wanne. Walikuwa kumi na watatu.

Homugadi wakasema saa imekwisha, turudi. Wanawake wakakataa. Walirudi msituni wakigonga panga kwa panga na kuliita jina la mwenzao, mpaka wakamkuta amelala nyuma ya gogo, mkono umevunjika na mbavu zimeumia, lakini hai. Walimbeba kwa mikanda ileile ya ngozi waliyobebea kuni.

Kila aliposimulia, shosho alianza na jina la yule mwanamke, kisha ukoo wake, kisha mtoto aliyekuwa amemwacha kijijini siku hiyo. Nyati alikuja baadaye sana katika hadithi. Familia yake ipo bado, nami sikuwaomba ruhusa, kwa hiyo jina hilo siliandiki hapa. Lakini sisi wajukuu tunalijua.

Sina njia ya kuthibitisha ni nani aliyemjeruhi nyati yule. Ila nilipousoma ule ukurasa wa meno yaliyovunjika, nililikumbuka paja lake.

Sitaki kusema kwamba zamani mwanamke na mnyama waliishi kama ndugu. Chui alikuwa chui. Lakini kulikuwa na adabu ya kukutana. Maathai ameandika kwamba jina lake, Wangari, linatokana na ngari, yaani chui, na kwamba mama yake alimfundisha akiuona mkia wa chui njiani asiukanyage, bali aendelee na safari yake akimwambia chui kwamba wao wawili ni wamoja na hawana sababu ya kugombana. Mtoto aliyetumwa kuni alipewa maneno hayo ayabebe. Ni maneno ya mtu mwenye haki ya kupita, anayetambua kuwa mwenzake naye ana haki hiyo.

Katikati ya miaka ya 1970, wanawake wa mashambani walipomweleza Maathai shida zao, kuni ilikuwa miongoni mwa za kwanza. Wakati ule, vilimani Garhwal, jirani na Kumaon ya Corbett, wanawake wa kijiji cha Reni wakiongozwa na Gaura Devi walikuwa wameikumbatia miti yao, Machi 1974, ili isikatwe na mkandarasi. Tarehe 5 Juni 1977 Maathai na wenzake wakapanda miti saba Nairobi, na Green Belt Movement ikaanza. Ulimwengu uliuita ule uhifadhi wa mazingira. Nadhani shosho angeuita kwa jina fupi zaidi: kufupisha njia ya kuni. Mti ulio nyuma ya nyumba ni safari moja pungufu ya kwenda kwa nyati.

Mwaka 2009 ua wa umeme wa kilomita zipatazo 400 ulikamilika kuizunguka Nyandarua. Umesaidia. Ndovu hawashuki tena usiku kuvuna mahindi ya mtu, na msitu umepumua. Kuni kavu huruhusiwa kwa kibali, kupitia geti, kwa siku maalumu. Mistari hii sasa naisoma kwa uangalifu kuliko zamani, kwa kuwa kila mstari uliochorwa kati ya msitu na kijiji umemuuliza mwanamke swali lilelile: leo utapika na nini? Palipopandwa miti ya kutosha upande wa kijiji, ua ni ulinzi. Pasipopandwa, ua ni handaki lenye umeme.

Baada ya kifo chake, hifadhi ya kwanza ya taifa ya India, iliyoanzishwa 1936, ilipewa jina la Corbett. Sina kinyongo. Aliwapa wanakijiji usingizi, na aliandika yale wengine wasingeandika. Lakini siku nilipomaliza kitabu chake nilirudi nyumbani kumjibu shosho swali lake la miaka mingi. Nilimweleza kuhusu msichana wa shanga za buluu.

Alinyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Walikuwa wangapi walipotoka?"

Nikasema kitabu kinasema kama kumi na wawili.

"Kama?" akasema shosho. "Basi hakuna aliyewahesabu."