Ndoa ya Pili ni ya Mwenyewe

Wanachama wenzangu, katika nyumba zetu nyingi huku Uingereza neno talaka husemwa kwa sauti ya chini. Liko jambo jingine ambalo halisemwi kabisa: mwanamke wa miaka 45 au 50, aliyeachika, watoto wake wameshakuwa wakubwa, kutamka kwamba anataka kuolewa tena kwa sababu amempenda mtu. Akilitamka, jibu huwa tayari: "Hiyo si mila yetu." Katika makala haya nataka kuliuliza jibu hilo swali la kihistoria. Mila ya nani, na ya tangu lini?

Tuanze na sheria, kwa sababu wazee wanaposema mila mara nyingi wanakusudia dini. Waislamu wengi wa pwani, kuanzia Lamu mpaka Kilwa, pamoja na Unguja, Pemba na Ngazija, wanafuata madhehebu ya Shafii. Katika madhehebu hayo msichana bikira anaweza kuozwa na baba yake kwa uamuzi wa baba. Lakini mwanamke aliyekwisha kuolewa haozwi mpaka aseme mwenyewe, kwa ulimi wake, kwamba amekubali. Kimya chake hakitoshi. Walii bado anatakiwa, lakini kazi yake ni kuozesha, si kuchagua. Kwa maneno mengine, ndoa ya kwanza ilikuwa ya wazee, na ya pili ikawa ya mwenyewe.

Tazameni pia eda, ule muda ambao mwanamke hungoja kabla ya kuolewa tena. Mjane hukaa miezi 4 na siku 10. Mwenye mimba hukaa mpaka ajifungue. Aliyeachwa, naye bado anapata hedhi, huhesabu tohara 3. Na yule aliyekoma hedhi? Naye amepangiwa eda yake: miezi 3. Nilipofundishwa hilo madrasa nililikariri tu kama mengine. Sasa naona lina maana kubwa. Eda ni ya mtu anayeweza kuolewa kesho. Sheria isingemhesabia miezi mwanamke wa makamo kama ingemwona ameshamaliza safari yake ya ndoa.

Sheria ni kitu kimoja na maisha ni kingine. Je, wanawake wa pwani waliolewa tena kweli? Margaret Strobel, mwanahistoria aliyeandika juu ya wanawake Waislamu wa Mombasa kati ya 1890 na 1975, alikuta mji ambao talaka na ndoa za baadaye zilikuwa mambo ya kawaida. Yeye na Sarah Mirza walikusanya simulizi za wanawake watatu wa Mombasa, zikatoka kitabu mwaka 1989, na baadaye zikachapwa kwa Kiswahili pia. Ukisoma simulizi za namna hii unaona kwamba ndoa ilikuwa sehemu moja ya maisha ya mwanamke. Kulikuwa pia na ngoma, makungwi, jamaa, biashara na nyumba.

Hapo kwenye nyumba ndipo panapotakiwa kutazamwa vizuri. Katika Lamu ya zamani, wenye uwezo walimpa binti nyumba anapoolewa, au walimwongezea ghorofa juu ya nyumba yao. Mume ndiye aliyehamia kwa mke. Ngazija hali ni hiyo hiyo mpaka leo. Ndoa ikivunjika, anayefunga mizigo ni mwanamume. Mwanamke hubaki chini ya dari lake, karibu na mama yake na dada zake, na akichumbiwa tena anajibu akiwa kwake. Hana haja ya kukimbilia ndoa ili apate pa kulala.

Si wote waliokuwa na nyumba za mawe, bila shaka. Wengi walikuwa maskini, na wengi walikuwa watumwa au watoto wa watumwa. Lakini hata Ng'ambo ya Unguja, mtaa wa watu wa kawaida, wanawake walijenga nyumba zao za udongo na makuti juu ya viwanja vya kukodi. Mwaka 1928 watu wa Ng'ambo walipogoma kulipa kodi ya viwanja, wanawake walikuwa miongoni mwa waliokuwa wakitetea nyumba zao.

Mwanamke aliyetaka kutoka kwenye ndoa mbaya naye alikuwa na njia, japokuwa nyembamba. Angeweza kujivua kwa khului, yaani kumrudishia mume mahari au mali nyingine ili aachwe. Unguja huita kununua talaka. Angeweza pia kwenda kwa kadhi kuomba ndoa ifasihiwe. Mahakama za kadhi zilidumu chini ya Waingereza, zikabaki Kenya baada ya uhuru wa 1963, na zimo katika katiba ya 2010. Susan Hirsch, aliyekaa katika mahakama hizo Mombasa na Malindi, aliandika mwaka 1998 kwamba wengi wanaofungua kesi huko ni wanawake, na mara nyingi hushinda.

Sitaki kuipaka rangi historia yetu. Mwanamume aliweza kuacha kwa neno moja, na mke akajikuta na eda na watoto bila cha kuwalisha. Wengi walioolewa mara ya pili waliolewa ukewenza. Tanzania Bara ilichukua muda mrefu mpaka kazi ya nyumbani ikahesabiwa kuwa kazi. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu mahakama kugawa mali iliyochumwa kwa juhudi za pamoja, lakini ni mwaka 1983 tu, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ambapo Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kupika, kufua na kulea ni mchango katika mali hiyo. Bi Hawa mwenyewe hakupata alichokiomba, lakini waliokuja baada yake wamekuwa wakiinukuu kesi yake hadi leo. Kwa hiyo siseme kwamba zamani kulikuwa kuzuri. Ninachosema ni kwamba kuolewa tena ukubwani hakukuwa aibu.

Sasa linganisheni na nchi hii tuliyozaliwa. Kabla ya 1857, mtu wa England aliyetaka talaka kamili ya kumwezesha kuoa tena alihitaji sheria ya Bunge kwa ajili yake peke yake. Wanawake waliofanikiwa kwa njia hiyo ni 4 tu. Sheria ya 1857 ilifungua mahakama, lakini mume alitakiwa kuthibitisha uzinzi tu, na mke alitakiwa kuthibitisha uzinzi pamoja na kosa jingine, kama ukatili au kutelekezwa. Tofauti hiyo iliondolewa 1923. Na mpaka sheria ya 1882, mali nyingi za mke zilikuwa chini ya mamlaka ya mumewe, wakati ambapo mwanamke wa Mombasa alikuwa akimiliki shamba lake na kuweka wakfu kwa jina lake.

Hata wakubwa hawakupona. Mwaka 1936 Mfalme Edward VIII aliacha kiti cha ufalme ili amwoe Wallis Simpson, mwanamke aliyekuwa na talaka. Mwaka 1955 Princess Margaret alitangaza kwamba hataolewa na Peter Townsend, naye kwa sababu hiyo hiyo. Kanisa la England lilikubali rasmi mwaka 2002 kwamba walioachana wanaweza, kwa hali maalumu, kufunga ndoa tena kanisani wakati mwenzi wa zamani yu hai. Tarehe 9 Aprili 2005, Charles mwenye miaka 56 na Camilla mwenye miaka 57, wote wawili wakiwa na talaka, walifunga ndoa ya kiserikali Windsor. Mwaka 2023 wakavishwa taji pamoja. Miaka 87 tangu Edward aondoke!

Basi tunaposema kwamba ndoa ya pili ni tabia ya Kizungu tuliyoiokota huku, tumeigeuza historia. Mwingereza ndiye aliyechelewa. Nadhani kilichobadilika kwetu ni makazi. Tulipohama tuliacha ile nyumba ya mama, kungwi, na majirani ambao nao walikuwa wameolewa mara mbili au tatu. Huku familia ni ndogo, kila mtu anamtazama mwenzake, na jina la ukoo limekuwa zito kuliko lilivyokuwa nyumbani.

Jambo hili limefika kwetu. Mama yangu mdogo aliachika akiwa na miaka 43, akakaa peke yake miaka 6, kisha akachumbiwa na bwana mmoja aliyeachana na mkewe. Mjomba mmoja alimwambia, "Wewe sasa ngoja wajukuu." Bibi yangu, aliyekuwa ameolewa mara tatu, ndiye aliyemjibu: "Na mimi ningengoja wajukuu, wewe ungezaliwa na nani?" Mjomba ni mtoto wa ndoa ya pili. Maneno yakaishia hapo.

Nimewatazama wale wawili kwa miaka 3 sasa. Hawana maneno matamu mengi. Kabla ya kuoana walionyeshana madeni yao yote. Kila mmoja ana akiba yake, na mama mdogo hakuiacha nyumba aliyopanga kwa jina lake. Bwana ndiye aliyehamia, kama Lamu. Watoto wa pande zote mbili waliambiwa mapema, wala hawakulazimishwa kumwita mtu baba au mama. Wakigombana, kila mmoja ana mzee wake wa kumwendea. Ukiyapima haya utaona kwamba si mapya. Ndiyo mambo yale yale yaliyosimamisha ndoa za pili kule pwani: ridhaa ya mwenyewe, dari lake, mali yake, na watu wa kusuluhisha.

Walifanya jambo jingine ambalo bibi hakulihitaji, nalo ni kusajili ndoa yao serikalini. Msidharau hilo. Mwezi Februari 2020 Mahakama ya Rufaa ya hapa iliamua kesi ya ndoa ya Kiislamu iliyofungwa London mwaka 1998 bila kusajiliwa. Ilisema kwamba nikahi ya namna hiyo haina nguvu yoyote ya ndoa mbele ya sheria ya England, kwa hiyo mke hawezi kudai mgawo wa mali kama mtalaka. Mwanamke wa makamo anayeolewa kwa nikahi peke yake, kimyakimya ili watu wasiseme, anaweza kupoteza haki zake kwa sababu ya aibu ambayo hata si ya kwetu.

Nawaomba wenzangu jambo moja wakati wa likizo. Mkikaa na bibi zenu, waulizeni waliolewa mara ngapi, na nani alichagua kila mara. Yaandikeni majibu yao, kwa Kiswahili chao, kabla hawajatutoka. Halafu yeyote atakayesema "si mila yetu", msomeeni.